Sauti ya Dirisha la Kushoto

Mtu akikuambia kwamba fundi anayetafutwa zaidi na kwaya za Kikatoliki mjini Morogoro anaitwa Abdulatif, cheka kwanza, maana kila mtu hucheka, kisha mwamini. Ukifika Kilakala uliza kwa fundi cherehani mwenye mashine mbili barazani. Nyuma ya duka lake kuna chumba kimoja ambacho kuta zake zimebandikwa magodoro yaliyozeeka na trei za mayai, na humo ndimo Abdulatif anamokaa mbele ya kompyuta yake, mwaka wa kumi na mbili sasa. Hurekodi kaswida, hurekodi singeli za vijana wa Msamvu wanaokuja na maneno yameandikwa kwenye simu, lakini jina lake limejengwa na kwaya. Nyimbo za Kwaresima anazijua mwanzo hadi mwisho, sauti zote nne, na huziimba akichambua mchele. Mkewe Amina humuuliza, "Wewe mwanamume, siku ya kiyama utapanga foleni ipi?" Naye humjibu kwamba atapanga foleni ya wenye masikio, ambayo itakuwa fupi.

Ndivyo alivyokuwa akijisifu. Hapa tunasimulia jinsi alivyoacha.

Masikio yenyewe aliyapatia Ngerengere. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na nyumba yao ilikuwa hatua chache tu kutoka njia ya treni. Akishatoka shule, Abdulatif alikaa kizingitini akaitaja treni kabla haijaonekana: inatoka upande wa Ruvu au wa Morogoro, imeshavuka daraja au bado, iko penye uwazi au inapita kati ya miti. Wageni wakija, baba mtu alimwita awaonyeshe kipaji hicho, naye akawaonyesha bila kuombwa mara mbili. Huko ndiko alikojifunza jambo ambalo baadaye lilimlisha, kwamba sauti iliyo mbali si sauti ndogo tu, bali ni sauti iliyokuja na mahali ilipopitia.

Sasa, kile chumba cha Kilakala hakitoshi watu wawili waliofungua vinywa kwa pamoja. Kwa hiyo kwaya ikija, kila mtu huingia peke yake, huvaa hedifoni, huimba sehemu yake kwenye maiki huku wenzake wakingoja kwenye benchi la fundi cherehani. Sauti hutoka kavu, kama ya mtu anayeongea ndani ya kabati. Kazi ya Abdulatif huanzia hapo. Kwanza humpanga kila mmoja mahali pake, huyu kushoto, huyu kulia, huyu katikati, ili msikilizaji akifumba macho awaone wamesimama. Kisha huwaingiza wote kwenye mwangwi mmoja, ambao yeye huuita ukumbi. Mafundi wengine wa mjini humpa kila mwimbaji mwangwi wake, na matokeo yake, husema Abdulatif kwa dharau, ni kwaya ambayo mmoja anaimba bafuni, wa pili pangoni na wa tatu stendi ya mabasi. Ukumbi wake yeye ni mmoja tu. Wa mbele huingia humo kidogo, wa nyuma huingia zaidi, na watu kumi na wanne ambao hawakuimba pamoja hata dakika moja husikika wako chini ya paa moja.

Mambo haya huwezi kumweleza mtu kwa maneno akaelewa. Kwa hiyo Abdulatif alikuwa na kikombe cha maharage mezani. Kila mwanakwaya alikuwa harage, na meza ilikuwa kanisa.

Mwezi wa Juni ilishuka kwaya kutoka kigango kimoja cha juu milimani, ng'ambo ya Kinole. Walikuwa kumi na wanne pamoja na mwalimu wao, Ernest, mtu wa Kigoma aliyehamishiwa huko kufundisha shule ya msingi na kukabidhiwa kwaya mwaka wa pili tu tangu afike. Alikuwa mtu makini, mwenye daftari, asiyependa mchezo kwenye muziki. Walirekodi nyimbo kadhaa, lakini waliokuwa wakiutegemea ni wimbo wa matoleo, ambao Ernest aliutunga mwenyewe.

Mkubwa wao kwa umri alikuwa Bibi Editha, miaka sabini na moja, mwembamba, mwenye kutembea upesi. Aliingia chumbani akatazama kuta.

"Shikamoo, bibi," alisema Abdulatif.

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo humu? Mbona tunaimbia ndani ya godoro?"

Aliimba bila woga. Alipomaliza alivua hedifoni, macho yake yakaenda kwenye maharage yaliyopangwa mezani. Abdulatif akamweleza: hili ni la mwalimu, haya ni ya sauti ya pili, yale matatu kulia ni ya besi. Bibi Editha alisikiliza kichwa kimeinama.

"Na mimi ni lipi?"

"Chagua mwenyewe, bibi. Unataka kusimama wapi?"

Alichukua harage jekundu kikombeni, akaliweka kushoto kabisa, akalisogeza ndani kidogo kwa kidole, akaridhika. "Hapa. Upande wa dirisha, lakini ndani. Ndipo ninaposimama mimi."

"Basi hapohapo ndipo nitakapokuweka."

"Usinisahau."

"Nimekuahidi, bibi."

Aliahidi kirahisi, maana kwake lilikuwa jambo rahisi. Kumpeleka mtu kushoto ni kuzungusha kidude kimoja kwenye kompyuta.

Lakini sauti ya Bibi Editha ilikuwa na kasoro, nayo haikufichika. Hakutoka nje ya wimbo, hapana. Ila kila mwisho wa ubeti, mwalimu anapokata na wote wanaponyamaza, yeye aliendelea. Aliivuta ile noti ya mwisho peke yake, sekunde mbili, tatu, mpaka ikafa yenyewe. Huko kanisani huenda watu walishaizoea. Kwenye kompyuta ilionekana wazi, mkia mrefu uliobaki baada ya mistari yote mingine kuisha. Abdulatif alijaribu kuukata ule mkia, ikasikika kana kwamba bibi wa watu amezibwa mdomo. Akaurudisha, akakunja uso.

Siku ya tatu Ernest alikuja peke yake. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Kaka, yule bibi anatuharibia. Mtoe tu."

"Nimtoe kabisa?"

"Kabisa. Jina lake libaki kwenye kava na picha yake ibaki. Ila usimwambie, mtu mzima yule, tutamvunja moyo. Sisi kwenye kwaya tunambeba tu."

Hapa wapo watakaosema Abdulatif alishinikizwa. Hakushinikizwa. Alitamani kumtoa tangu siku ya kwanza, kwa sababu alikuwa amependa wimbo ule na alitaka utoke safi, na kwa sababu jina lake lingeandikwa chini ya kava. Ernest alimpa ruhusa tu. Alishika kishushio cha Bibi Editha, kile kitufe cha kupandisha na kushusha sauti, pale kwenye kioo cha kompyuta, akakiteremsha mpaka chini. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja, na chai yake haikupata hata kupoa.

Akaendelea na kazi. Jambo la ajabu ni kwamba wimbo ulizidi kuwa mzuri. Kila mwisho wa ubeti, sauti zikishakatwa, kulibaki kitu chembamba upande wa kushoto, mwangwi uliokwenda mbali na kufifia taratibu. Hakuwahi kuusikia ukumbi wake ukifanya vile. Alimwita Amina aje asikie. Hakujiuliza umetoka wapi. Alidhani umetoka kwake.

Uzinduzi ulifanyika Jumapili moja ya Julai, baada ya Misa, kwenye uwanja wa kanisa lenyewe kule juu. Abdulatif alipanda kwa bodaboda, akapewa kiti mstari wa mbele. Spika mbili zilisimamishwa kwenye ngazi za kanisa, moja kila upande wa mlango. Wanakwaya walikuwa wamevaa sare mpya, na Bibi Editha alikaa mwisho wa benchi mikono magotini, akimtabasamia.

Wimbo wa matoleo ukapigwa. Ubeti wa kwanza ulipoisha na ule mwangwi ukatambaa kuelekea migombani, watu waliguna kwa raha. Mgeni rasmi, mstaafu wa serikali kutoka mjini, alishika maiki kabla ya wakati wake. "Jamani, huo mwangwi wa mwisho! Utadhani milima inaitikia! Fundi yuko wapi? Fundi asimame!"

Abdulatif akasimama. Wakampigia makofi na vigelegele, naye akainama mara mbili, mkono kifuani.

Wakaomba urudiwe. Safari hii Bibi Editha aliinuka bila kumwambia mtu, akaenda mpaka kwenye spika ya kushoto, akasukuma kilemba chake nyuma ya sikio, akasimama hapo wimbo mzima. Watu walimcheka kwa upendo. Ulipoisha alikuja moja kwa moja kwa Abdulatif.

"Mwanangu, umeniweka wapi?"

"Kushoto, bibi. Palepale tulipokubaliana. Upo."

"Ndiyo, nipo. Nimejisikia." Aliongea kwa sauti ndogo, kwa ajili yake tu. "Lakini mbona niko nje?"

"Nje wapi?"

"Nje ya kanisa. Wenzangu wako ndani, mimi umeniacha nje dirishani."

Na Abdulatif akacheka. Kicheko hicho ndicho anachokikumbuka kuliko yote, kicheko cha mtaalamu anayeulizwa swali na mtu asiyejua kitu. Alijua hayumo. Alimtoa kwa kidole chake mwenyewe. Kwa hiyo bibi huyu alikuwa akijisikia mahali asipokuwepo, na jambo hilo lilikuwa na maelezo mepesi.

"Hapana, bibi, hayo ni masikio tu. Spika zenyewe zina makelele, na umri nao..."

"Labda ni masikio," alisema Bibi Editha.

Aliondoka. Watu wakiwa bado wanakula alirudi amevaa khanga, mikononi ameshika sare mpya imekunjwa vizuri, akamkabidhi Ernest. "Nimechoka, mwalimu. Mpe mwingine." Ernest alipokea, akamshukuru kwa utumishi wake wa miaka mingi, na usoni alionekana mtu aliyetuliwa mzigo.

Aliyemsindikiza Abdulatif mpaka kwenye pikipiki ni katekista, mzee Laurenti. Walitembea hadi wakapita migomba ya mwisho.

"Umemwambia nini Editha?" aliuliza Laurenti.

"Aliniuliza kwa nini amesikika yuko nje ya kanisa. Nikamwambia ni masikio."

Mzee alisimama. "Nje wapi? Alisema nje upande gani?"

"Dirishani. Upande wa kushoto."

Laurenti akamweleza. Zamani, Editha akiwa msichana, alikaa na mwanamume bila ndoa ya kanisa. Mwanamume hakutaka ndoa ibarikiwe. Kwa hiyo Editha akazuiwa Komunyo, akatolewa na kwenye kwaya. Hakuacha kuja. Kila Jumapili, mvua au jua, mtoto mgongoni, alisimama nje kwenye dirisha la kushoto akaimba na kwaya kutoka huko. Miaka saba.

"Pale nje huoni mkono wa mwalimu," alisema Laurenti. "Hujui amekata saa ngapi. Alikuwa anavuta mpaka asikie ndani kumenyamaza. Yule bwana alipokubali hatimaye, ndoa ikabarikiwa, akaingia. Lakini mdomo ulishazoea. Mpaka leo hajui kukata."

"Mwalimu Ernest anajua haya?"

"Ernest amekuja juzi. Na sisi wa zamani hatuyasemi." Mzee alifuta uso kwa kiganja. "Tulikuwa ndani tunaimba, bwana. Tunaona haya."

Jumatatu asubuhi Abdulatif alifungua kompyuta kabla hata ya kuvua viatu. Kishushio cha Bibi Editha kilikuwa chini kabisa, kama alivyokiacha. Basi akafanya jambo ambalo angepaswa kulifanya mwezi mzima nyuma. Alizima sauti zote kavu za wanakwaya, akauacha ukumbi peke yake, kisha akazima njia ya kila mmoja kwenda ukumbini, mmoja mmoja, mpaka akabaki wa mwisho.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, mbali, kushoto, ikiimba wimbo mzima kuanzia neno la kwanza.

Kosa lenyewe mtoto wa siku mbili kwenye kazi hii angelitambua. Kila sauti hupita njia mbili: moja huenda moja kwa moja kwenye spika, na ya pili huenda ukumbini. Ile ya pili aliiweka ichote sauti kabla haijafika kwenye kishushio. Alifunga mlango wa mbele akasahau wa nyuma. Bibi Editha hakuwa amebaki kwenye kwaya na hakuwa ameondoka. Kilichobaki ni mwangwi wake, mwangwi wa mtu ambaye mwenyewe hayupo, na sikio la binadamu likisikia mwangwi bila mtu huamua kwamba mtu huyo yuko upande wa pili wa ukuta. Mtoto wa Ngerengere alilijua hilo tangu ana miaka minane. Bibi wa miaka sabini na moja alilisikia siku moja tu, kwenye spika ya kukodi, naye akaambiwa ni uzee.

Aibu ilimshika Abdulatif pale kitini, na ilikuwa aibu ya mwili, masikio yake yale yale yakiwaka moto. Aliona aibu ya uongo, akaona aibu ya kicheko, lakini iliyomchoma zaidi ni ya makofi. Watu walikuwa wakiisifia sauti ya yule bibi bila kujua, na yeye akasimama akainama. Mara mbili, mkono kifuani! Kwaya nyingine iliyokuwa imepanga kuja siku ile aliirudisha kutoka mlangoni. Amina alimuuliza ana nini, akamweleza yote, naye Amina akamsikiliza bila utani hata kidogo.

"Nitautengeneza upya," alisema Abdulatif. "Nimrudishe ndani, kisha niwatumie."

"Sikukuuliza habari za wimbo," alisema Amina. "Nakuuliza, umeshamwambia mwenyewe?"

Jumanne alipanda tena mlimani, kompyuta mgongoni. Alimkuta Bibi Editha uani, amekaa kwenye mkeka anapukuchua maharage. Alimsalimia, akakaribishwa kigoda, akakikataa na kukaa chini.

"Bibi, masikio yako ni mazima. Niliyekosa ni mimi."

Mikono ya bibi iliendelea na kazi.

"Nilikutoa kwenye wimbo. Kwa sababu ya kuvuta mwisho. Kisha nikakudanganya kwamba upo."

"Ukaniweka nje."

"Hapana, bibi. Sikukuweka nje. Nilikutoa kabisa. Huko nje ulibaki kwa bahati mbaya, kwa uzembe wangu. Hata sikujua."

Sasa mikono ilisimama. "Hiyo ni nafuu au ni mbaya zaidi?"

Abdulatif alitamani kuwe na jibu jingine. "Ni mbaya zaidi."

"Ernest ndiye aliyekutuma?"

"Mkono ulikuwa wangu, bibi."

Alipukuchua ganda moja, la pili, la tatu. Kisha akasema anataka kusikia. Abdulatif alimvisha hedifoni, akapandisha kishushio mpaka mahali pake, kushoto, upande wa dirisha, lakini ndani. Bibi Editha alisikiliza macho yamefumbwa. Ubeti ulipoisha alishtuka.

"Kumbe navuta hivi?"

"Ndiyo, bibi."

"Wote wamekaa kimya, mimi bado?"

"Ndiyo."

"Na miaka yote hii wananisikia." Alijifunika mdomo kwa ncha ya khanga. Abdulatif akatambua kwamba amemletea mzigo mwingine, kwamba hata ukweli wake umekuja umebeba aibu ya mtu mwingine, na kwamba hakuna namna ya kuurudisha. Aliinamisha kichwa akatazama maganda.

Bibi aliposhusha khanga, sauti yake ilikuwa kavu. "Nisikilize. Ama nitoe kabisa au niingize kabisa. Nje sikai tena."

"Unataka lipi, bibi?"

"Uliniahidi lipi?"

"Nilikuahidi ndani."

"Basi. Na Jumamosi kuna mazoezi. Uje uyaseme haya mbele yao wote, kwa mdomo wako. Mimi nilitazamwa na watu miaka saba. Wewe utatazamwa saa moja tu."

Jumamosi alikwenda. Alisimama mbele ya benchi za kwaya ndani ya kanisa, mahali ambapo hakuwahi kusimama maishani, na mtu ambaye huwaambia wenzake wafungue vinywa akashindwa kufungua chake. Bibi Editha alikuwa amekaa nyuma, mkono wa kushoto, amevaa khanga. Abdulatif alieleza kila kitu. Alieleza kidole, alieleza kicheko, alieleza makofi. Jina la Ernest hakulitaja. Wanakwaya walimtazama kweli, kama alivyoahidiwa, na baadhi yao waligeuka wakalitazama lile dirisha.

Kisha Ernest mwenyewe alisimama, daftari mkononi. "Mimi ndiye niliyemwomba amtoe," alisema. "Sikujua habari za dirisha. Lakini hata bila dirisha, nilikosa." Aliingia sakristia, akatoka na ile sare iliyokunjwa, akampelekea Bibi Editha kwa mikono miwili na kupiga goti. Bibi aliipokea akaiweka mapajani. Hakuivaa siku ile. Mzee Laurenti, aliyekuwa mlangoni, alitoka nje akakaa huko peke yake kwa muda.

Kisha ukapigwa wimbo mpya. Bibi Editha alikuwemo, kushoto, ndani, miongoni mwa wenzake. Ubeti ukaisha, wote wakakata, na yeye akaendelea, wazi kabisa, sauti ya bibi mmoja iliyochelewa. Haikuwa milima tena. Mwanamke mmoja wa sauti ya kwanza alicheka, mwingine akafuata, mpaka Bibi Editha mwenyewe akacheka huku akifuta macho. Jumapili iliyofuata alivaa sare.

Mambo yangeishia hapo kama wimbo ungekuwa kitu cha kurudishwa kabatini. Lakini ule wa kwanza ulikuwa umeshatoka. Siku ya uzinduzi watu walihamishiana kwenye simu palepale uwanjani, ukashuka na watu wa ndizi, ukaingia kwenye makundi ya WhatsApp ya jumuiya, ukapandishwa kwenye flashi za mabasi. Abdulatif aliutuma ule mpya kwa kila mtu aliyemjua na kuomba ule wa zamani ufutwe. Wachache waliufuta.

Mwezi wa Septemba alikwenda Msamvu kupokea nyaya zilizotumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam. Basi lilichelewa. Karibu na ofisi ya vifurushi dada mmoja aliuza maji na karanga, na juu ya ndoo yake aliweka kispika kimoja kidogo. Wimbo wa matoleo ulikuwa ukipigwa. Abdulatif alisogea bila kutaka. Ubeti ukaisha, kwaya ikanyamaza, na kile kitu chembamba kikabaki hewani.

"Sikiliza hapo, kaka," alisema yule dada. "Huo mwangwi! Sijui wameufanyaje."

Mwaka uliopita angejibu kabla hajamaliza kuulizwa. "Huo si mwangwi, dada. Ni mtu."

"Mtu gani?"

"Anaitwa Bibi Editha. Alikuwa anaimba na wenzake, mimi nikamfungia nje." Alitoa simu. "Ninao mwingine, ambao yumo ndani. Nikutumie ufute huo."

Dada alimtazama kwa mashaka, lakini akapokea, akaupiga. Alisikiliza ubeti mmoja, uso umekunjamana.

"Aa, hapa kuna mtu anachelewa," alisema. "Ule wa mwanzo mzuri zaidi, kaka." Akaurudisha wa zamani, akaongeza sauti, akageuka kumhudumia mteja.

Basi la Dar liliingia, watu wakakimbilia vifurushi vyao. Abdulatif hakukimbia. Alisimama mbele ya ile ndoo ya maji mpaka wimbo ukafika mwisho, wote wakanyamaza, na yeye akamngoja bibi amalize.